CHUO CHA LIKIZO HAKIKUFUNGWA NA SERIKALI, TUMEKIFUNGA SISI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake.



Jumatatu ya kwanza ya likizo hii ya Agosti nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya msikiti wetu hapa Mombasa, yapata saa mbili asubuhi. Akaja mtoto wa miaka minane hivi. Kanzu yake imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, juzuu ameikumbatia kifuani. Ilionekana wazi kwamba mamake alimtayarisha tangu alfajiri. Akanitolea salamu, akachungulia ndani, akaona kimya. Akaniuliza, "Shekhe, wenzangu wako wapi?"

Nikamwambia, "Likizo hii hakuna chuo, mwanangu."

Akasema, "Kitafunguliwa lini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia arudi nyumbani amsalimie mamake. Akaenda zake polepole, nami nikabaki nikimtazama mpaka akakata kona.

Swali la mtoto yule limenikaa moyoni wiki mbili sasa. Leo nalijibu hapa mbele yenu nyote, kwa sababu majibu ninayoyasikia vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp si ya kweli, na kwa sababu sehemu ya lawama ni yangu mimi ninayeandika. Nawaomba msome mpaka mwisho kabla ya kuandika chochote hapa chini.

KWANZA TUONDOE UVUMI

Wako wanaosema serikali imetufungia. Si kweli. Hakuna afisa aliyekuja, hakuna barua iliyoletwa, hakuna chifu aliyetuita. Ni kweli kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza tuisheni za likizo. Sisi tulilijua hilo, ndiyo maana hatukuwahi kugusa hesabu wala sayansi ya shule. Tulifundisha dini na mambo ya maisha. Tena ukiitazama vizuri, sheria ile ilitufaa. Iliwarudisha watoto nyumbani ikatuachia sisi wazazi muda wao. Tumepewa muda, tukautupa.

Wako wanaosema mashekhe wamegombana. Si kweli. Sisi kwa sisi tunasalimiana na tunaswalishana.

Wako wanaosema ustadh mkuu ametukimbia kwa tamaa ya pesa. Hii ni mbaya zaidi, maana ni dhulma kwa mtu asiyekuwepo kujitetea. Nitaifikia habari yake hapa chini, na nikishamaliza, kila aliyesema neno hilo ajitazame mwenyewe.

CHUO KILIKUWA KITU GANI

Kwa wasiokijua: tulianza Desemba 2012 na watoto 23, katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya msikiti. Tulianza kwa sababu ya jambo moja tuliloliona. Mtoto wetu wa mjini siku za shule anatoka nyumbani kiza hakijaisha, anarudi alasiri. Jioni anapelekwa chuoni amechoka, anasinzia juu ya juzuu. Jumamosi na Jumapili ndizo tunazozitegemea kwa madrasa, na siku hizo ndizo za harusi, za kwenda kwa nyanya, za kazi alizopewa na mwalimu wa shule. Mtoto anafika kubaleghe na hajui ni lini josho la janaba linamlazimu. Msicheke. Nimewauliza mwenyewe vijana wenye ndevu, wakanitazama chini.

Likizo ndiyo iliyobaki. Tukasema, tuishike.

Ratiba yetu ilikuwa nyepesi. Saa mbili asubuhi tunaanza na Qur'ani, vichwa vikiwa bado havijapata jua. Saa nne uji na mahamri. Kisha fiqhi ya vitendo: kutawadha, kutayamamu, swala ya mgonjwa, swala ya msafiri. Mtoto hakariri tu, anasimama mbele ya wenzake na kufanya. Ikikaribia adhuhuri, hadithi za sira. Alhamisi ilikuwa siku ya kazi za mikono. Fundi seremala wa mtaani aliwafundisha kupiga randa na kugongomea stuli. Mama mmoja mshoni aliwafundisha kutia vifungo na kukunja upindo, wavulana kwa wasichana. Mzee mmoja mvuvi aliwafundisha mafundo ya kamba na kutengeneza nyavu zilizochanika.

Na wale waliotimia miaka 13 na kuendelea walifundishwa kumuosha na kumkafini maiti, wavulana kwa ustadh na wasichana kwa ustadha. Tulitumia mto mrefu tuliouvika nguo ukawa kama mwili.

Wazazi wengine walilalamika, wakasema tunawatisha watoto. Basi sikilizeni. Miaka mitatu iliyopita bibi mmoja wa hapa mtaani alifariki usiku wa manane. Mama aliyezoeleka kuosha maiti wa kike alikuwa amesafiri kwenda Lamu. Ndani ya nyumba ile kulikuwa na mabinti na wakwe, wengine wana shahada za chuo kikuu, na wote wanaangaliana. Mjukuu wa marehemu, msichana wa miaka 15, akasema, "Mimi najua. Tulifundishwa chuo cha likizo." Akawaongoza mamake na shangazi zake hatua kwa hatua, tangu maji ya kwanza na mkunazi mpaka maji ya mwisho na kafuri, mpaka nguo tano za sanda. Alikuwa akilia, na mikono yake inafanya kazi. Ustadha alipofika alfajiri alikuta hakuna cha kurekebisha.

Hicho ndicho chuo kilichofungwa.

KILIKUFA VIPI

Desemba 2018 tulikuwa na watoto 140. Tuliweka mikeka mpaka uani. Desemba iliyopita walikuwa 31. Aprili tulibaki na walimu wawili. Agosti hii, hakuna. Kitu cha namna hii hakifi kwa siku moja. Mwembe ukianza kuoza ndani, watu wanaendelea kukaa kivulini mwake miaka mingi.

Pigo la kwanza tulipata sote. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na misikiti nayo ikafungwa. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, kalenda ilibanwa ili kufidia muda uliopotea, na likizo za 2021 na 2022 zikawa za siku chache tu. Tukasema, tungoje mambo yatulie. Kungoja kukageuka mazoea. Mwaka 2023 kalenda iliporudi kama zamani, tulipiga simu nyumba kwa nyumba, na waliorudi hawakufika nusu.

Pigo la pili ni letu wazazi. Nilianza kuona mzazi anamteremsha mtoto kwenye bodaboda mlangoni mwa msikiti na kuendelea na safari, hamjui mwalimu kwa sura wala kwa jina. Saa saba mtoto bado amekaa kwenye ngazi anangoja kuchukuliwa, na mwalimu hawezi kuondoka kwenda kutafuta riziki yake. Tuliita kikao cha wazazi mwaka jana. Walikuja saba. Sita walikuwa kina mama, Allah awalipe. Mwanamume mmoja aliyekuja aliuliza swali moja tu: kama uji una sukari nyingi.

Chuo hakikuwa tena mahali pa kumlea mtoto, kikawa mahali pa kumwekeza kama mzigo. Na mzigo hauulizwi umejifunza nini leo.

Pigo la tatu ndilo lililotumaliza, na hapa ndipo nami ninaingia.

HABARI YA USTADH

Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukimpa ustadh wetu mkuu shilingi 3,000 kwa likizo nzima ya wiki tatu. Tuliziita pesa za sabuni. Wengine walipata 2,000. Ustadha mara nyingi alipata mfuko wa unga na dua. Hatukuona aibu, kwa sababu kila tulipokutana tulisema, "Hii ni kazi ya Allah."

Machi mwaka huu ustadh alikuja kwangu baada ya swala ya isha. Alikaa kwa adabu, akaanza kwa mbali kama ilivyo ada yetu, akauliza afya yangu na watoto. Kisha akasema, "Shekhe, mke wangu ni mja mzito wa mtoto wa tatu, na kodi ya chumba imepanda. Likizo ndio wakati wa watu kupata vibarua, na mimi niko hapa kila siku mpaka adhuhuri. Naomba mniongezee, hata kidogo."

Mimi, imamu wenu, ninayepanda mimbari kila Ijumaa, nilimjibu nini? Nilimwambia asubiri malipo yake kwa Allah. Nikamsomea fadhila za kufundisha Qur'ani. Nikamkumbusha ikhlas. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, Shekhe." Akaondoka.

Alifundisha Aprili bila kunung'unika. Mei akaanza kuendesha tuktuk.

Mwezi uliopita nilisimamisha tuktuk barabarani nikitoka sokoni, nikaingia, kumbe ni yeye. Tulizungumza vizuri njia nzima. Tulipofika nikamtolea nauli. Akaikataa. Akasema, "Wewe ni mwalimu wangu, Shekhe, siwezi." Nikashuka na zile pesa mkononi. Ndugu zangu, nimekosa usingizi kwa madeni mengi maishani mwangu, lakini halijapata kunielemea deni kama lile la nauli ya shilingi mia moja. Yule tuliyemnyima haki yake alinisamehe yangu.

Basi nani aliyekimbilia pesa hapa? Yeye aliyefundisha watoto wenu miaka kumi na mbili kwa pesa za sabuni, au sisi tuliozificha pesa zetu nyuma ya neno ikhlas?

DINI INASEMAJE KUHUSU MWALIMU

Tumejifanya kana kwamba kumlipa mwalimu wa dini ni kuiuza dini. Hebu tuangalie.

Katika Sahih Bukhari iko hadithi ya masahaba waliomsomea Suratul-Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wa sumu, wakapewa kondoo. Wakasita kuwala mpaka wamuulize Mtume (s.a.w.). Naye akawakubalia, na akaeleza kwamba Kitabu cha Allah ndicho kinachostahiki zaidi kuchukuliwa ujira. Maulamaa wametofautiana katika kuchukua ujira wa kufundisha, lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo ya watu wa pwani, inajuzu.

Tazameni pia Badr. Wako mateka wa Kiquraishi ambao hawakuwa na mali ya kujikomboa lakini walijua kuandika. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba fidia yao ilifanywa kuwa ni kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Fikirini vizuri jambo hili. Fidia ya mateka ilikuwa mali nyingi, na Waislamu wa Madina wakati ule walikuwa na dhiki. Mtume (s.a.w.) akakubali kuachilia mali ile kwa ajili ya masomo ya watoto. Yaani kazi ya mwalimu ilipewa thamani ya shingo ya mtu. Sisi tumeipa thamani ya sabuni.

Ikhlas ni baina ya mja na Mola wake. Ni ya mwalimu mwenyewe kuitafuta moyoni mwake, na wala si yetu sisi kuikata kwenye mshahara wake. Mwenye nyumba hapokei ikhlas mwisho wa mwezi.

VIGAE NA WATOTO

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wanakamati wenzangu hawatalipenda. Nawaheshimu, na nilikuwa nao katika uamuzi, kwa hiyo ninajisema mwenyewe pamoja nao.

Mwaka jana tulichangisha pesa za vigae vipya vya sakafu ya msikiti. Vile vya zamani havikuwa vimeharibika, vilikuwa vimepoteza rangi tu. Kwa Ijumaa tano tulipata shilingi 860,000. Watu walitoa mpaka nikaona fahari. Wengine walitaka majina yao yasomwe, tukayasoma.

Hebu tupige hesabu. Chuo cha likizo kwa wiki tatu, chenye walimu wanne wanaolipwa shilingi 10,000 kila mmoja, ni 40,000. Uji na mahamri 12,000. Madaftari, chaki na vifaa vya kazi za mikono 5,000. Jumla ni 57,000. Ukifanya Aprili wiki tatu, Agosti wiki tatu na likizo ndefu ya mwisho wa mwaka wiki tano, mwaka mzima ni kama 209,000.

Kwa hiyo pesa za vigae zingewasomesha watoto wetu likizo zote kwa miaka minne, na zingebaki. Sisemi vigae ni haramu. Kuupamba msikiti usafi ni jambo jema. Nasema tumetanguliza mahali pa kuweka nyayo tukachelewesha watu watakaosimama hapo. Leo sakafu inang'aa, na mtoto wa miaka minane anachungulia mlangoni haoni mtu juu yake.

Msikiti wa Mtume (s.a.w.) ulikuwa na nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti, mvua ikinyesha chini panakuwa tope. Lakini ndani ya msikiti ule ule wa makuti palitengwa Suffa, mahali pa kukaa masahaba mafakiri waliokuwa wakisoma kwake. Hapo ndipo alipokaa Abu Huraira (r.a.) na njaa yake, na kutoka hapo tumepata maelfu ya hadithi. Waliyatanguliza masomo kabla ya sakafu.

Na wazee wetu wa pwani walilifahamu hili. Habib Swaleh alipoianzisha Riyadha kule Lamu, alifungua darsa zake kwa watu wa chini ambao jamii ya wakati ule haikuona haja ya kuwasomesha, na wanafunzi wa mbali walikaa wakalelewa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui hapa Mombasa, katika miaka ya 1930, alikuwa akiandika katika gazeti lake la Al-Islah kuwahimiza Waislamu waamke wasomeshe watoto wao. Hawakuwa na simu za kutuma pesa wala vipaza sauti. Walikuwa na hima.

WANAOSEMA AFADHALI KIMEFUNGWA

Wako ndugu wenye hoja, na haki yao nitaitoa.

Kuna anayesema watoto wamechoka na shule, waacheni wapumzike. Ni kweli, mtoto ana haki ya kucheza. Sisi tulimaliza adhuhuri na jioni yote ilikuwa yao. Lakini nimepita majumbani likizo hii. Mtoto aliyeachwa apumzike yuko kitandani na simu ya mamake tangu asubuhi mpaka betri inakwisha. Mwenye kupumzika kweli macho yake hayawi mekundu.

Kuna anayesema atampeleka mwanawe kwenye kambi za likizo za kulipia. Alhamdulillah, mwenye uwezo na ampeleke. Lakini yule mtoto wa muuza maji, wa mpishi wa viazi karai, wa mama anayefua nguo za watu, ataenda kambi gani? Chuo kile kilikuwa mahali pekee ambapo mtoto wa mwenye duka la jumla na mtoto wa hamali walikunywa uji wa sufuria moja. Tajiri akimwondoa mwanawe, anaondoa na jicho lake. Na pasipo na jicho la mwenye nacho, hata choo hakitengenezwi.

Kuna mama aliyeniandikia faraghani kwamba hakuwa na amani kumwacha binti yake mahali ambapo hajui nani anaingia na nani anatoka. Huyu sikuwa na la kumjibu ila kumwambia, umesema kweli. Tuliendesha chuo kwa kuaminiana tu. Hatukuwa na daftari la kuonyesha mtoto ameingia saa ngapi na ameondoka na nani. Ilipata kutokea mwalimu mmoja kijana akampiga mtoto bakora mpaka akaacha alama, na sisi tukayamaliza chini kwa chini, mwalimu tukamwambia aache na mzazi tukamwomba asamehe. Tulidhani tunalinda heshima ya chuo. Kumbe ndivyo imani ya wazazi inavyomomonyoka, nyumba moja baada ya nyingine, bila mtu kukwambia.

MLANGO UKIFUNGWA, MWINGINE UNAFUNGUKA

Mwezi Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipotangaza marufuku ya muguka, na Kilifi na Taita Taveta zikafuata, misikitini tulishangilia. Nilitoa khutba nzima. Mambo yakaenda mahakamani, na vibanda viko pale pale.

Wiki iliyopita nilipita kwenye kibanda kimoja kama saa tano asubuhi. Vijana wanne wamekaa kwenye benchi. Mmoja aliponiona alificha mkono nyuma, akasema kwa mdomo uliojaa, "Assalaam alaykum, Shekhe." Nilimjua. Alikuwa kwetu miaka miwili, mikono yake ilikuwa mizuri kwenye randa. Ile stuli anayokalia mwadhini wetu akitawadha aliitengeneza yeye. Saa tano asubuhi Alhamisi ya likizo, mahali pake palikuwa penye mbao na msumari.

Sisemi kila mtoto aliyekosa chuo atakwenda kibandani, na wala sisemi chuo kingemwokoa yule kwa hakika. Hidaya ni ya Allah. Nasema tunapiga kelele juu ya mlango mbaya uliofunguliwa na wengine, na mlango mzuri tulioufunga wenyewe hatuutaji. Allah ametuamrisha katika Suratut-Tahrim tujikinge nafsi zetu na ahli zetu na moto. Amri ile tumeelekezewa sisi wenye ahli. Hakuambiwa gavana wala hakimu kwa niaba yetu.

TUFANYE NINI

Sitaki dua peke yake, ingawa dua ndiyo mwanzo. Nataka likizo ya mwisho wa mwaka ikifika, mtoto yule akija na juzuu yake akute mikeka imetandikwa. Masharti ni manne, na nimekwisha kuyapeleka kwa kamati.

La kwanza, mwalimu alipwe ujira unaojulikana, ulioandikwa, na alipwe kabla likizo haijaisha. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Tusipopata pesa za walimu wanne, tuanze na wawili na watoto wachache. Chuo kidogo kisicho na dhulma ni bora kuliko kikubwa kilichosimama juu ya mgongo wa mtu.

La pili, kila mzazi achangie. Ile 57,000 ikigawanywa kwa watoto mia moja ni shilingi 570 kwa mtoto kwa wiki tatu. Asiye nazo aniambie mimi sikioni, na mtoto wake ataingia bila mtu kujua. Mwenye nazo asijifanye hana.

La tatu, daftari la kuingia na kutoka, watu wazima wawili katika kila darasa, bakora marufuku, na choo cha wasichana kiwe na komeo. Na kila Jumamosi mzazi mmoja kwa zamu akae chuoni asubuhi nzima. Kina baba, zamu ni zenu pia.

La nne ni la muda mrefu: wakfu. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata ardhi Khaybar alimuuliza Mtume (s.a.w.) aifanyeje, naye akamwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka matunda yake. Mwambao huu wetu umejaa misikiti iliyosimama kwa mashamba na nyumba za wakfu za mababu zetu. Msikiti wetu una chumba cha mbele kinachotazama barabara, tumekijaza viti vibovu na majeneza ya zamani. Kikisafishwa na kukodishwa kama duka, kodi yake iandikwe kwa jina la walimu wa chuo na isiguswe kwa jambo jingine lolote, hata vigae. Mwenye duka, nyumba au kipande cha shamba akitaka sadaka inayoendelea baada ya kaburi, mlango ndio huo.

Na mimi binafsi, kabla ya yote hayo, jana usiku nilikwenda nyumbani kwa ustadh. Nilimtaka radhi mbele ya mkewe. Mtoto wao wa tatu amezaliwa salama, alhamdulillah. Sikumwomba arudi, kwa sababu sikuwa na cha kumpa zaidi ya maneno, na maneno nilishampa ya kutosha Machi. Nilimwambia tu kwamba siku tutakapokuwa na ujira wake mkononi, nitakuja tena. Akanijibu, "Shekhe, tuktuk napumzika Ijumaa na Jumapili." Sijui kama lile lilikuwa jibu au mazungumzo. Nalitumaini.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa amana tuliyoipoteza. Walipe walimu wetu kwa ukarimu wako yale tuliyowanyima kwa uchoyo wetu. Wahifadhi watoto wetu katika likizo yao na masomo yao, wanapokuwa mbele ya macho yetu na wanapokuwa mbali. Utupe hima ya kukifungua tulichokifunga. Amin ya Rabbal-alamin.

Wazazi wa mtaa wetu, tukutane Jumapili baada ya alasiri, uani mwa msikiti. Safari hii nisione saba. Na ninyi mlio mbali, kwenu pia kuna ukumbi nyuma ya msikiti. Nendeni mkautazame una nini ndani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.